Kabla hujasema Amorim aende, hesabu watu wa katikati

Wewe shabiki wa Man United, najua wiki hii umenyamazisha grupu zote za WhatsApp. Sikulaumu. Jumamosi, Septemba 27, 2025, tulienda London kwa Brentford tukapigwa 3-1, kapteni akapoteza penalti, na Jordan Henderson, mzee wa miaka 35, akawa anarusha pasi ndefu nyuma ya mabeki wetu bila mtu wa kumsumbua. Yule jamaa wa Arsenal pale kwenye base ameongeza sauti. Wa Liverpool naye angekucheka, ila siku hiyo hiyo alikuwa anauguza kichapo cha 2-1 kutoka kwa Crystal Palace. Hao Palace uwakumbuke, tutarudi kwao.

Kwanza tuangalie hali ilivyo. Mechi sita za ligi: tumeshinda mbili, sare moja, tumepoteza tatu. Pointi saba. Tumefunga mabao saba, tumefungwa 11. Baada ya hizo sita tulikuwa nambari 14 kwenye jedwali. Ukihesabu kutoka Ruben Amorim aingie Novemba 2024, ni pointi 34 katika mechi 33 za ligi. Mechi 33 si kidogo, huo ni karibu msimu mzima. Msimu uliopita tulimaliza nambari 15 na pointi 42, na tukapoteza fainali ya Europa League 1-0 mbele ya Tottenham kule Bilbao. Ndiyo maana msimu huu hatuko Ulaya popote, mara ya kwanza tangu 2014/15.

Sasa mtaani kuna kambi mbili. Kuna wale wanataka Amorim afutwe jana. Na kuna wale wanasema apewe muda, ati Fergie pia alianza vibaya. Mimi naona kambi zote mbili zinabishana kuhusu mtu, na hakuna anayeangalia uwanja. Man United inapoteza mechi pale katikati. Imeweka watu wawili mahali panapotaka watatu, halafu pesa za usajili zikaenda kwingine. Kama hilo halitarekebishwa, unaweza kumfuta huyu Mreno leo na kufikia mwezi wa pili utakuwa unamtukana kocha mwingine.

Hesabu ya kawaida tu

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hii hesabu haihitaji digrii.

Amorim anacheza 3-4-2-1. Mabeki watatu nyuma. Mbele yao watu wanne, lakini wawili kati ya hao wako pembeni kabisa, wanapanda na kushuka mstari mzima. Kwa hivyo katikati wanabaki wawili. Mara nyingi msimu huu hao wawili wamekuwa Bruno Fernandes na Casemiro. Bruno alifikisha miaka 31 Septemba 2025. Casemiro ana 33.

Timu nyingi za Ligi Kuu zinaweka watu watatu katikati. Watatu kwa wawili, buda, daima kuna mmoja yuko huru. Huyo wa huru ndiye anakuua. Bruno akimfuata, anaacha nafasi nyuma yake, na Casemiro anabaki peke yake akilinda eneo lenye ukubwa wa soko la Gikomba. Bruno asipomfuata, jamaa anageuka na mpira, anainua kichwa, anachagua pasi anavyotaka. Henderson alifanya hivyo kwa goli la kwanza la Brentford dakika ya nane. Alipata muda wa kuangalia, akatupa mpira nyuma ya Harry Maguire, Igor Thiago akamalizia. Mtaani kila mtu alimlaumu Maguire. Mimi nakuuliza, nani alikuwa karibu na Henderson?

Kuna dawa kwenye karatasi. Beki mmoja wa wale watatu anatakiwa kutoka nyuma haraka kumbana yule wa tatu. Ikifanya kazi, inapendeza. Beki akichelewa sekunde moja, ameacha shimo nyuma yake, na wenzake wawili wanabaki kulinda upana wote wa uwanja. Kule Etihad, Septemba 14, Man City walitufunga 3-0 kwa njia hiyo. Walituvuta katikati, wakafungua pembeni kwa Jeremy Doku, na Doku akatengeneza mabao mawili, la Phil Foden na la kwanza la Erling Haaland. Mabeki wetu walikuwa wanakimbia wakiangalia goli lao.

Usiniambie City ni City. Fulham pia walitutoa jasho, 1-1. Halafu kuna Grimsby. Grimsby Town, timu ya daraja la nne, ilitutoa Kombe la Carabao Agosti 27 kwa penalti 12-11 baada ya sare ya 2-2. Ndani ya nusu saa walikuwa mbele 2-0, na si kwa bahati. Walikuwa wanapita katikati yetu kama watu wanaokatiza shamba la jirani.

Ushindi wetu nao uangalie vizuri kabla hujajipiga kifua. Burnley, waliopanda daraja juzi, tuliwashinda 3-2 kwa penalti ya Bruno dakika ya 97. Chelsea tuliwapiga 2-1, ndio, lakini kipa wao Robert Sánchez alipewa kadi nyekundu dakika ya tano. Na bado sisi wenyewe tukapunguziwa Casemiro kabla ya mapumziko, tukamaliza tukitetemeka. Wao wakipungua mmoja katikati ndipo hesabu yetu inaanza kukubali.

Mfumo haujalaaniwa

Hapa ndipo watu wengi wanateleza. Wanasema 3-4-2-1 haiwezi kufanya kazi Uingereza. Si kweli, na ushahidi ni Palace. Oliver Glasner anatumia mfumo huo huo. Mei 2025 alichukua nao Kombe la FA kwa kuwashinda City 1-0 Wembley. Agosti akachukua Ngao ya Jamii mbele ya Liverpool kwa penalti. Na wikendi hii, tukiwa tunalia kwa Brentford, yeye alikuwa anawapiga Liverpool tena. Amorim mwenyewe alishinda ligi ya Ureno mara mbili na Sporting, 2021 na 2024, akicheza hivyo hivyo.

Tofauti iko wapi? Palace hawajifanyi wanamiliki mpira. Wanakaa pamoja, mabeki na viungo wamekaribiana, nafasi ya kupita katikati haipo. Ukiwapa mpira wanakupiga mbio. Adam Wharton, kijana wa miaka 21, yuko pale katikati na miguu yake bado mipya. Kikosi chao kilijengwa kwa mchezo huo.

Sisi tunataka kucheza juu, tubane watu kwao, tumiliki mpira, tufanye hayo yote kwa viungo wawili ambao mmoja ni namba kumi wa kuzaliwa na mwingine amepita miaka yake ya mbio. Bruno ndiye mtu wetu wa kutoa pasi ya mwisho. Kumweka chini akakabane ni kama kuchukua fundi wako bora wa nywele umpe kazi ya ulinzi mlangoni. Atajaribu. Lakini wateja watatoka na nywele mbaya, na mwizi bado ataingia.

Pesa zilienda wapi

Sasa tuzungumze usajili, maana hapa lawama si ya kocha peke yake.

Kabla ya msimu klabu ilitumia karibu pauni milioni 200 kwa watu watatu wa mbele: Matheus Cunha kutoka Wolves, Bryan Mbeumo kutoka Brentford, na Benjamin Šeško kutoka RB Leipzig. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya Sh30 bilioni. Siku ya mwisho ya dirisha wakaongeza kipa Senne Lammens kutoka Antwerp kwa kama pauni milioni 18. Kiungo? Sufuri. Walimmezea mate Carlos Baleba wa Brighton, wakasikia bei, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Sisemi washambuliaji hawakuhitajika. Msimu uliopita tulikuwa tunafunga kwa bahati na maombi. Mbeumo na Cunha ni wachezaji wazuri, na siku ya kwanza dhidi ya Arsenal tulipiga mashuti 22, ingawa tulipoteza 1-0. Lakini ukinunua mabomba mapya ya jikoni na tangi la maji halina kitu, utafungua na kufungua na hakuna kitakachotoka.

Na ukifuatilia utaona hili si jambo la kiangazi kimoja. Scott McTominay, kiungo aliyelelewa hapo hapo tangu utotoni, aliuzwa Napoli Agosti 2024. Msimu wake wa kwanza akachukua ubingwa wa Italia na akatajwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Alikuwa na mbio, nguvu na urefu, vitu tunavyovitafuta leo na tochi. Aliuzwa kabla ya Amorim kuja, kwa hivyo usimbandike huyu.

Halafu angalia mawinga. Marcus Rashford alienda Barcelona kwa mkopo 2025. Jadon Sancho alienda Aston Villa kwa mkopo. Alejandro Garnacho ameuzwa Chelsea, na Antony akaenda Real Betis. Kila mmoja ana hadithi yake na wengine walijiharibia wenyewe. Lakini wote ni watu wa pembeni, na mfumo huu hauna winga. Kwa hivyo klabu imeuza vifaa vya mchezo mmoja, ikanunua nusu ya vifaa vya mchezo mwingine. Siku huyu kocha akiondoka na aje mwenye kutaka 4-3-3, tutaanza kununua mawinga tena. Tangu Ferguson astaafu 2013 tumekuwa na Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag, kisha Amorim. Kila mmoja aliacha rundo la wachezaji ambao aliyemfuata hakuwataka. Ndiyo maana kelele za "afutwe" peke yake hazinisisimui.

Kijana yuko benchi

Jambo linaloniuma zaidi linaitwa Kobbie Mainoo.

Huyu ni mtoto wa Stockport, karibu kabisa na Old Trafford, ana miaka 20. Mei 2024 alifunga bao katika fainali ya Kombe la FA tukaishinda City. Aliwahi kuanza fainali ya Euro na Uingereza akiwa na miaka 19. Baada ya mechi sita za ligi za 2025/26, hakuwa ameanza hata moja. Aliomba aende kwa mkopo akacheze, akaambiwa abaki apiganie nafasi. Kocha alisema wazi kwamba nafasi anayoipigania ni ya Bruno.

Soma hiyo tena polepole. Kiungo wa miaka 20 anaambiwa ashindane na kapteni ambaye hatolewi hata akikosa penalti mbili katika mechi sita. Wewe msomaji ambaye umewahi kuambiwa "tunatafuta mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano" kwa kazi ya kuanzia, hii lugha unaijua. Hutakiwi kuondoka, na pia huwekwi kazini. Unakaa pale ukionekana kama unasubiri, na miaka inaenda.

Na hii ni klabu ambayo tangu Oktoba 1937 haijawahi kutaja kikosi cha siku ya mechi bila kijana kutoka akademia yake. Haina haja ya kufundishwa thamani ya chipukizi. Sisemi Mainoo ni malaika wa kutuokoa. Hana mbio nyingi, na kukaba katika watu wawili kunamchosha hata yeye. Ndiyo maana nasema watatu. Ukiweka watatu, ghafla Mainoo ana kazi, Casemiro ana mtu wa kumsaidia kukimbia, na Bruno anarudi karibu na goli.

Benni angefanyaje?

Kabla ya mechi ya Chelsea, Amorim aliwaambia waandishi kwamba hata Papa hawezi kumbadilisha mfumo. Baada ya kichapo cha City alikuwa ameshasema kwamba wakitaka mchezo mwingine, wabadilishe mtu. Wengine waliona ni ujasiri. Mimi niliona mtu anayejifungia mlango kisha anatupa funguo dirishani.

Tazama hapa nyumbani. Benni McCarthy alikuwa kwenye benchi la ufundi la United hiyo hiyo, 2022 hadi 2024, akinoa washambuliaji. Agosti 2025 alikuwa Kasarani na Harambee Stars katika CHAN. Mechi ya Angola tukapewa kadi nyekundu mapema, tukatoka 1-1. Mechi ya Morocco tukapewa nyingine kipindi cha kwanza, tukiwa tumeshapata bao la Ryan Ogam. Je, Benni alisema huu ndio mfumo wangu, tuendelee kushambulia? Alirudisha watu nyuma, akafunga katikati, akabadilisha wachezaji, vijana wakajitupa mbele ya kila shuti. Tukashinda 1-0 na tukamaliza kileleni mwa kundi lenye Morocco, DR Congo, Angola na Zambia. Madagascar walitutoa robo fainali kwa penalti, iliuma, lakini hakuna aliyetoka Kasarani akisema kocha ni mkaidi.

Na hao wachezaji wake ni wa ligi za ndani, wengine mishahara yao huchelewa. Kama wao wanaweza kubadilika dakika ya 45 mbele ya umati wa Kasarani, watu wa Old Trafford wanaolipwa kwa wiki kile ambacho wewe na mimi hatutakiona kwa miaka wanashindwaje kubadilika ndani ya wiki nzima ya mazoezi? Maana muda wanao. Hawana Ulaya, hawana Carabao. Kutoka Jumamosi hadi Jumamosi wako uwanjani Carrington. Kisingizio cha uchovu hakipo.

"Mpe muda" ina masharti

Watu wa kambi ya muda hupenda kumtaja Mikel Arteta. Sawa, tumtaje. Arsenal walimaliza nambari nane misimu miwili mfululizo na hawakumfuta. Lakini Arteta alichukua Kombe la FA la 2020 akitumia mabeki watatu, kwa sababu ndicho kikosi alichokikuta, kisha akajenga polepole timu ya mabeki wanne na viungo watatu. Alipewa muda, na yeye mwenyewe akautumia kubadilika. Ukitaka mfano wake, uchukue mzima.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Amorim abaki, kwa sharti kwamba aongeze mtu katikati. Beki mmoja atoke. Lammens aanze golini, maana hakununuliwa kupamba benchi, na Altay Bayındır ameshatugharimu vya kutosha. Nyuma, Dalot, Yoro, De Ligt na Shaw. Katikati, Casemiro na Mainoo, na Ugarte tayari kuingia Casemiro akichoka. Bruno mbele yao. Mbeumo kulia, Cunha kushoto, Šeško kati, ambaye Jumamosi amefungua akaunti yake.

Kuna gharama, sikufichi. Amad Diallo ataanzia benchi, na inauma kwa sababu ni mmoja wa wachezaji wachache waliotufurahisha mwaka uliopita. Mabeki wetu wa pembeni nao si wa kutisha. Lakini afadhali uwe na tatizo la nani akae benchi kuliko tatizo la goli kuachwa wazi kila mara mpira unapopotea.

Na Januari, klabu ikanunue kiungo mmoja mwenye miguu. Mmoja tu wa kukimbia. Hapo ndipo tutawapima wakubwa, maana wao ndio walioweka sahihi kwenye zile pauni milioni 200.

Jumamosi hii Sunderland wanakuja Old Trafford, saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Usiwadharau. Wamepanda daraja msimu huu na tayari wana pointi 11, sisi saba. Tafadhali usiweke nauli ya wiki kwa Man U kushinda ati kwa sababu tuko nyumbani. Burnley pia tulikuwa nyumbani, na ilibidi tungoje dakika ya 97.

Ukikaa pale kibandani na chai yako, acha mpira kwa dakika tano za kwanza. Angalia tu yule mtu wa Sunderland anayepokea mpira akiwa katikati ya uwanja, halafu uangalie nani wetu yuko karibu naye. Kama yupo mtu, kunywa chai yako kwa amani. Kama hakuna, usingoje hadi bao liingie ndipo umtukane Maguire.